Fundi wa Kusogeza Biti

Kuna mwandishi wa programu ambaye kwake kuzidisha kwa mbili ni kazi ya watoto. Badala ya x * 2, anaandika x << 1, kisha anatupa jicho pembeni kuona kama kuna aliyemwona. Ukimwuliza, ni kwa ajili ya kasi. Kasi gani, bwana? Kompaila inabadilisha hesabu hiyo yenyewe tangu zamani, wala haiombi makofi.

Kusogeza kwenyewe si uganga. Tano kwa biti ni 101. Isukume kushoto hatua moja, jaza sifuri nyuma, inakuwa 1010, yaani 10. Sukuma 5 kulia, unapata 2. Nusu imedondoka, usiiulizie. Weka 200 kwenye baiti moja isiyo na hasi, uisogeze kushoto: ulitaka 400, umeachiwa 144, kwa kuwa biti ya mbele imeshushwa njiani kama abiria asiye na nauli.

Fundi wetu juzi kaandika 1 << 2 + 3 akitarajia 7. Akapata 32, maana katika lugha aliyotumia kujumlisha hutangulia kusogeza. Kutwa nzima akailaumu kompyuta. Mabano yapo, bwana mkubwa, tena ni bure.