Afande Kastaafu: Mwongozo wa Kumpata Mshauri wa Fedha

Kiinua mgongo kikishaingia benki, afande, usihangaike kutafuta mshauri. Kaa barazani Ngamiani, barabara yoyote kati ya zile za namba, agiza kahawa na kashata. Kikombe cha pili hakijapoa, keshafika.

Mkague vyeti. Cha kwanza ni kukuita "afande" kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara. Miaka ishirini na ushei umezoezwa kutii sauti isiyosita, naye analijua hilo kuliko wewe. Cha pili ni bahasha ya kaki yenye picha ya shamba la michungwa Muheza, iliyopigwa kiupandeupande hata michungwa ya jirani ikaingia hesabuni. Cha tatu, shemeji yake yuko bandarini. Anafanya nini huko, usiulize.

Wapo watakaokutia wasiwasi. Watasema tangu Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya 1994, anayelipwa kushauri watu juu ya hisa na hatifungani sharti awe na leseni. Na kwamba hata mkopeshaji wa mtaani, kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, atakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu. Watakwambia Marekani mshauri wa fedha wa wanajeshi hudaiwa cheti cha taaluma. Basi nawe ukamdai mwenzio leseni? Atashika kifua: "Yaani afande, mimi na wewe?" Hapo mlipie kahawa, yaishe.

Ikiwa unaikumbuka DECI, ule upatu wa fedha, isahau. Kule watu walipanda mbegu, waliotangulia wakavuna za waliofuata, mpaka 2009 serikali ikalifunga shamba. Huyu wako hana mbegu, ana "fursa". Mbegu angalau inajulikana kwamba hufukiwa.

Mama watoto asijue. Yeye ana kikoba chake, sanduku lina kufuli tatu na kila ufunguo uko kwa mtu wake, kwa hiyo atauliza swali la kuudhi: funguo za hiyo fursa anazo nani?

Tena usichelewe. Mji wetu wasifiwa kwa waja leo waondoka leo, na fedha nazo ni wageni kama wageni wengine. Tia saini kabla ya adhuhuri. Saa nane mshauri ana afande mwingine Pongwe.