Mto Tana Uliopanda Mlima

Ubao wenyewe ulitengenezwa kwa nia njema. Mwalimu mmoja wa sayansi huko Embu alichora Mto Tana juu ya plaiwudi, akachonga vipande vitano vyenye majina ya mabwawa ya Seven Forks, akawapa wanafunzi fumbo: yapange kutoka juu ya mto hadi chini. Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Ukipatia, taa inawaka.

Nyuma ya ubao ndiko kulikokuwa na mambo. Kila nafasi ilipewa nyaya tano, mmoja kwa kila kipande kinachoweza kuwekwa hapo, jumla 25. Kibao cha kompyuta ndogo, Arduino Uno, alichoagiza kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, kina pini 14 za kidijitali na 6 za analogi. Akaagiza cha pili. Mkewe akauliza kama serikali imeongeza bwawa la sita.

Ubao ukapanda matatu kwenda Meru kwa maonyesho, na matuta ya njiani yakafanya yao. Nyaya zikachomoka. Stima nazo zikapotea jioni hiyo, hivyo mwalimu akarudisha nyaya kwa mwanga wa simu, akianzia upande usio wake. Kesho yake taa iliwaka kwa mtoto aliyepanga mabwawa kinyume kabisa. Kwa hesabu ya mashine, Tana ulikuwa ukitoka Bahari ya Hindi ukipanda Aberdare. Mtoto alipigiwa makofi.

Baadaye kila kipande kikatiwa rezista ya kiwango chake. Sasa waya mmoja kwa kila nafasi ulitosha kusoma volti, ambazo kibao huzigeuza kuwa namba kati ya 0 na 1023. Suluhisho safi, na lingedumu kama si misumari ya bei rahisi iliyogusana na vipande. Ukungu wa Julai uliitia kutu, kutu ikaongeza ukinzani, na Gitaru ikaanza kujiita Kamburu.

Mwalimu akaupeleka ubao kwa fundi wa redio pale Makutano, Meru, naye akaugeuza akaguna. “Mwalimu, hii kompyuta kazi yake nini?”

“Inatambua kila kipande, Mzee.”

“Na wewe unataka kujua nini?”

“Kama vyote viko mahali pake.”

“Hiyo ni kazi ya swichi.”

Akapigilia misumari miwili katika kila nafasi, mahali tofauti na pa jirani yake, na chini ya kila kipande akabandika karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, pale inapogusa misumari ya nafasi yake tu. Mawe mawili ya tochi, balbu, njia moja. Kipande kimoja kikikosea, njia imekatika. Mto wenyewe uko hivyo: maji yanayozalisha megawati 40 Masinga ndiyo yanayoteremka kuzalisha 225 Gitaru. Waliojenga Kindaruma, iliyoanza kazi mwaka 1968, na Kiambere, iliyoanza mwaka 1988, waliyapanga mabwawa kwa mfululizo bila kuagiza kitu Luthuli.

Kifaa kikawa rahisi hata wanafunzi wakakielewa chote, na hapo taabu mpya ikaanza. Mmoja alipitisha waya nyuma, kutoka kwenye jiwe moja kwa moja hadi kwenye balbu, taa ikawaka bila bwawa hata moja. Mwalimu alimpa alama zote za umeme, sifuri ya jiografia, kisha akaenda kutafuta kadibodi ya kufunika nyuma.