Sakafu Yenye Kiburi

Nilizaliwa Kamachumu, katika nyumba ya msonge ambayo sakafu yake ilikuwa nyasi laini zilizotandazwa upya kila zilipochakaa, na mgeni, awe tajiri au fakiri, aliketi juu yake kwa raha isiyo na kifani. Walakini nilipostaafu ualimu na kujenga Rwamishenye, ghururi iliniingia, nikaona kuwa saruji ni ya kila mtu na vigae ni vya hoteli, na kwamba mtu wa adhama yangu hana budi kukanyaga mbao.

Wala sikuwa mjinga wa miti. Nilijua kuwa mvule, ambao marehemu baba aliuchonga mtumbwi wa kukamulia lubisi, humshinda mchwa, na bei yake humshinda mstaafu; kuwa msizi wa mashambani kwetu ni mwepesi na hauwezi kustahimili visigino vya mashemeji zangu; kuwa mkaratusi, ukikatwa mbichi, hujipinda kama shahidi wa uongo; na kuwa mninga, sultani wa mbao, uletwao kutoka nyika za Tabora, hautaharuki sana kwa masika wala kwa kiangazi. Basi nikachagua mninga.

Mwuza mbao, ambaye simtaji kwa kuwa tungali tunasali kanisa moja, aligonga ubao kwa kifundo cha kidole, akasema, “Sikiliza unavyolia, Mwalimu. Mninga mtupu huu, waitu!” Nao ulilia kweli. Laiti ningalijua wakati ule kuwa mkaratusi uliopakwa rangi nyekundu nao hulia, tena kwa sauti kali zaidi.

Seremala, kijana mwenye adabu, aliomba mbao zilale ndani ya nyumba wiki kadhaa zizoee hewa yake, kwa sababu hazikupita tanuri la kuzikausha hadi unyevu ufike kama asilimia 12. Tena akashauri tuache upenyo wa kidole kandokando ya ukuta, maana ubao ukinywa maji huongezeka upana wala si urefu. Nilimwambia kwamba Pasaka imekaribia, na kipaimara cha mjukuu wangu ni Jumapili ya pili yake, na kwamba upenyo ni aibu. Akazipigilia zikabana ukuta hadi ukuta, akaenda zake akitikisa kichwa.

Masika yakaja, na Bukoba, ambako mvua ya mwaka mmoja hufika milimita 2,000, masika hayabishi hodi. Usiku wa tatu, katika giza totoro, ukasikika mlio: ta! ta! tatata! Mke wangu akapiga ukelele, “Tetemeko!” Tangu lile tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, hapa petu neno hilo haliulizwi mara mbili. Nikatoka mbio nimejifunga kanga yake, majirani nao wakatoka, mmoja amepakata televisheni, na sote tukasimama mvuani tukimshukuru Mungu kwa kutunusuru. Waliponiuliza kama nami nimelisikia, nikajibu kwamba nimelisikia sana.

Asubuhi sebule ilikuwa imeinuka katikati kama mgongo wa kiboko, na mlango umegoma kufunguka, hata tukapitisha viti vya wageni dirishani. Mama yangu, ambaye ameishi miaka mingi kuliko mbao zote nilizonunua, alitazama, akaguna, akasema, “Mwanangu, umeilipia hii?” Kisha akawatuma wajukuu wakate nyasi.

Seremala akaukata mlango kwa chini, na siku ya kipaimara wageni wakavua viatu, wakaketi, wakanisifu kwamba, pamoja na elimu yangu yote, sijayasahau ya kwetu. Mzee mmoja aliketi kileleni kabisa pa ule mgongo, akajidundadunda mara mbili kwa taratibu, akaniinamia sikioni na kuuliza nyasi laini namna ile nimezikata wapi.