Sifa za Kupasha Pikipiki Moto

Lucian alimwandikia nzi sifa, na mwaka 1511 Erasmus akachapisha sifa za upumbavu. Hakuna hata mmoja wao aliyefika Feri. Lau wangefika alfajiri, upande huu wa kisiwani, bodaboda zinapojipanga kungoja wanaovuka kutoka Likoni, nzi angekosa sifa zake. Wangemkuta kijana kaketi juu ya Boxer iliyosimama, haendi popote, mkono wa kulia ukikaza mafuta na kulegeza, ukikaza na kulegeza, na moshi wa buluu ukiwaelekea wauza mahamri. Anaipasha moto.

Na hii ni Mombasa. Hata mwezi wa Julai, kusi likivuma na wazee wakilalamikia baridi, usiku wetu ni nyuzi joto 20 hivi. Pikipiki iliyolala nje ya mlango huamka na joto ambalo watu wa Helsinki wangelilipia.

Elimu ya injini haitaki ibada ndefu, hilo tukubali. Usiku oili huteremka chini. Asubuhi pampu huipandisha hadi juu ya silinda, na kazi hiyo haimalizi dakika. Kwenye baridi petroli hugeuka mvuke kwa shida, ndiyo maana kabureta ikapewa choki, ya kubana hewa mpaka injini ishike. Pistoni ya alumini nayo hutanuka upesi, kwa hivyo ni uungwana kuipa nafasi kabla ya kuibebesha abiria wawili na gunia la nazi. Nusu dakika inatosha, kisha uende taratibu mtaa mmoja au miwili. Choki ikisahauliwa, petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda na plagi ikajaa masizi. Tena injini hizi hupozwa na upepo wa mwendo, na aliyesimama hana upepo. Lakini hayo ni maneno ya fundi, na leo fundi hakualikwa.

Tumsifu mpanda pikipiki kwa subira yake. Huyu ndiye ambaye baadaye atapita katikati ya matatu mbili zinazosuguana, atapanda juu ya njia ya waendao kwa miguu, na taa nyekundu ataiona kama pambo la mji. Mteja akichelewa kutoa nauli, anapiga honi. Ila injini yake huipa dakika kumi nzima bila kunung'unika. Mkewe hajawahi kuzipata.

Kisha tutazame huduma kwa jamii. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, ambako wawili waliobeba vikapu hupishana kwa ubavu, kuta za mawe ya matumbawe huupokea mngurumo na kuurudisha, nyumba ya kulia ikiupa ya kushoto. Aliyelala asisikie adhana, atasikia eksozi iliyotobolewa. Mzee wa barazani, kahawa mkononi, huuliza kwa upole:

"Mwanangu, mbona haiondoki? Ni ngonjwa?"

"Shikamoo, mzee. Hapana, naipasha tu."

"Marahaba. Basi ipashie mbele kidogo, kahawa yangu tayari ina moto."

Lakini utukufu wenyewe uko juu ya feri. Mkondo wa Kilindini pale ni kama nusu kilomita tu, na chombo hakijamaliza hata kuvuka maji makuu kabla pikipiki ya kwanza haijapigwa kiki. Ya pili inajibu. Mara zote zinanguruma, lango bado liko juu na ufuo uko mbali, kana kwamba feri inasukumwa kwa eksozi. Waendao kwa miguu huvuka bure, na hapo hupewa moshi nao bure. Sijui ni serikali gani nyingine inayowakirimu raia wake hivyo. Lango likishuka, aliyewasha mapema na aliyewasha mwisho wanakwama pamoja nyuma ya mkokoteni wa maji.

Mwaka 2008 serikali iliziondolea VAT pikipiki zisizofika 250 cc, zikamiminika mpaka kila kona ikawa na steji. Wachumi waliona ajira, na hawakukosea. Ila hakuna aliyehesabu petroli inayochomwa kila asubuhi bila abiria, sadaka ya kimyakimya (kimya cha mfukoni, si cha masikioni) kwa wenye vituo vya mafuta.

Sasa zinaingia pikipiki za umeme. Hazina choki, hazina kiki, hazitaki oili kupanda popote. Unageuza ufunguo, unaondoka. Nawahurumia vijana wa Feri: atakayeinunua itabidi awaamkie wenzake kwa mdomo, aeleze mwenyewe kwamba amefika kazini, na mteja akimwambia "twende", hatakuwa na kisingizio cha kumalizia chai.