Barua ya Wazi kwa Vyuo Vinavyotuma Vijana wa Macho Sori

Kwa: Wakuu wa mafunzo ya nyanjani, vyuo vya optometria vya Ulaya na Marekani Kaskazini
KUH: Maandalizi ya kijana wa kujitolea anayeelekea Sori, Karungu, Kaunti ya Migori, Kenya

Maandalizi ya mtaalamu mchanga wa macho anayekwenda kujitolea ng'ambo huanza na sanduku la miwani. Hukusanywa miwani ambayo babu na nyanya wa kwao hawaitaki tena, ikafungwa vizuri na kuvushwa hadi Ziwa Viktoria, kwa macho yanayodhaniwa kuwa hayana haki ya kuchagua. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2012 ulionyesha kuwa takriban asilimia 7 tu ya miwani kuukuu ya msaada ndiyo inayofaa kuvaliwa, na kwamba kufikisha jozi moja inayofaa hugharimu karibu maradufu ya miwani mipya iliyo tayari. Hiyo asilimia 93 nyingine haipotei bure: humliwaza aliyeitoa. Mshonaji nyavu aliyevuka miaka 40, ambaye tundu la sindano limeanza kumkimbia, angeridhika na jozi moja mpya ya bei nafuu.

Baada ya sanduku huja chanjo, tembe za malaria na somo la utamaduni. Somo hilo humfundisha kijana kusema "jambo". Sori huzungumza Dholuo.

Kalenda nayo hupangwa kwa uangalifu mkubwa, kwa kufuata likizo za chuo. Ziwa lina kalenda yake. Wavuvi wa omena hutoka na taa usiku usio na mbalamwezi, wakarudi alfajiri. Kambi ya macho ikifunguliwa saa tatu asubuhi huwakuta wamelala, kisha ripoti huandikwa kwamba jamii haina mwamko. Wachimba dhahabu wa Macalder iliyo jirani, wanaoponda mawe huku vumbi na vipande vikiwarukia machoni, hawatajwi kabisa kwa kuwa machimbo hayapendezi pichani kama mashua.

Sura ya glakoma ndiyo iliyoandaliwa vyema kuliko zote, kwa maana haipo. Ugonjwa huu huua neva ya jicho kimyakimya, na uoni uliopotea haurudi. Tiba yake ya kawaida ni matone ya kila siku, maisha yote. Chupa ya timololi ya mililita 5 humtosha mgonjwa mwezi mmoja hivi. Kijana hukaa wiki tatu. Basi chupa humshinda mgeni kwa wiki moja, na glakoma huishinda chupa kwa miaka mingi. Dawa hiyo hiyo ni hatari kwa mwenye pumu, kwa hiyo swali la kwanza lahusu kifua, si jicho, na lazima liulizwe kwa lugha anayoielewa mgonjwa.

Mtoto wa jicho ni jambo jepesi zaidi kulieleza: huondolewa kwa upasuaji na lenzi ya bandia kuwekwa. Kijana si mpasuaji. Kazi yake ni kumtambua mgonjwa na kumpa rufaa, na hapo ndipo kambi nyingi huishia, kwa sababu barua ya rufaa haina nauli. Rufaa isiyo na tarehe, jina la mpasuaji na gari la kwenda na kurudi ni karatasi tu. Afisa tabibu wa macho aliyefunzwa KMTC, chuo cha mafunzo ya matibabu cha Kenya, aliyewaona wagonjwa kama hawa wengi kuliko darasa zima la wageni, analijua hilo. Kambini hupewa kazi ya kupanga foleni na kutafsiri.

Optometria hufundishwa Kenya pia, katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega. Mwanafunzi wa huko akitaka kwenda kujitolea Uingereza au Kanada, maandalizi yake ni taarifa za benki, alama za vidole na ushahidi kwamba atarudi kwao. Akishafika, hatibu mtu bila idhini ya baraza la taaluma. Utaratibu huo ni wa busara mno, na ni ajabu kwamba husahaulika ndege ikielekezwa kusini. Kijana asiyeruhusiwa kutibu peke yake kwao haruhusiwi na ziwa lolote kutibu peke yake Karungu.

Kwa hiyo vyuo vinaombwa, kabla ya kununua tiketi, kuiandikia idara ya afya ya Kaunti ya Migori, na ile ya Homa Bay kwa ajili ya wagonjwa wa upande wa Gwassi, na kuuliza kinachohitajika. Afisa tabibu wa macho wa eneo ndiye awe msimamizi, na mgeni awe mwanafunzi wake. Jibu likiwa ni nauli za wagonjwa na matone ya mwaka mzima, kijana anaweza kubaki nyumbani na kutuma bei ya tiketi.