Ndege Imejaa, Rudi Likoni

Mama, Mjomba, Shangazi na nyote mnaokaa barazani pale Likoni, nisikilizeni. Baridi ya Leicester haijaniua, na dhumuni la barua hii ni moja tu: nawaomba mkanushe habari kwamba nilirudishwa. Nimesikia hata muuza mahamri wa kona anawasimulia wateja wake ati Wazungu walinikataa, ati nina kesi, ati paspoti yangu ilichapishwa Mtwapa. Sikurudishwa mimi. Ili mtu arudishwe ni lazima kwanza aende, nami siku ile sikwenda popote. Niliishia Changamwe.

Nyinyi mliishia mlango wa uwanja wa ndege kwa kuwa asiye na tiketi haingii, kwa hivyo yaliyotokea ndani hamkuyaona. Nayaandika ili Mama ayasome kwa sauti, na Mjomba asikatize.

Mwakumbuka tulivyotoka. Mjomba alitaka tuzunguke kwa barabara ya Dongo Kundu, akisema serikali haikujenga madaraja yote yale ili tuyatazame. Mama akasema mtu wa Likoni akisafiri bila kuvuka feri, safari yake haina radhi. Tukavuka feri, watu 19 ndani ya matatu ya viti 14, tukipokezana kulia. Yule makanga, ingawa gari tulilikodi sisi na limejaa mpaka mlangoni, mazoea yalimshinda: kila tukisimama alitoa kichwa nje na kuita, "Mmoja! Mmoja wa mwisho twaenda!" Nilicheka siku ile. Sasa namwona alikuwa mwalimu.

Malori ya Changamwe yalitukalisha karibu saa nzima, hata hivyo nilifika Port Reitz zikiwa zimebaki saa 3 kabla ya ndege kuruka. Mama, kwa kuchelewa usinilaumu.

Kwenye kaunta ya shirika nililokatia tiketi (jina nalihifadhi, nisije nikalipa mimi tena) nilimkuta binti mwenye tabasamu na mizani isiyotabasamu. Ruhusa ni kilo 23, sanduku langu likasoma 26. Akaniuliza kuna nini ndani kinachoweza kupungua. Nikamwambia, "Labda nimtoe mbuzi." Yule binti ni wa bara, na kwao mbuzi ana miguu minne na hula majani. Alirudi nyuma hatua mbili akaita mwenzake. Ilibidi nifungue sanduku mbele ya foleni nzima, nitandaze leso za dada, ubuyu wa watu wanne na achari ya Shangazi, mpaka mbuzi wa kukunia nazi alipoonekana amelala chini kabisa, meno juu. Ndiye yule niliyemtoa mlangoni mkampokea. Foleni haikunisamehe.

Nikapewa pasi. Mahali pa nambari ya kiti hapakuwa na nambari, palikuwa na herufi tatu: SBY. Nikadhani ni herufi za heshima. Nilimpita bwana mmoja mwenye kiti 34E nikamwonea huruma.

Langoni ndiko nilikojua maana yake. Waliitwa kwanza wenye viti vya mbele, wakaitwa wenye kadi za dhahabu, kisha za fedha, kisha wenye watoto, kisha kundi la kwanza, la pili, la tatu. Mimi na wenzangu 6 wenye herufi za heshima tukabaki tumesimama kama wageni waliokuja harusini bila kualikwa. Mhudumu akatuambia, "Subirini hapo, naja sasa hivi." Hiyo "sasa hivi" bado inaendelea. Kupitia kioo niliiona ndege ikisukumwa kinyumenyume, taratibu, na dirishani nadhani nilimwona bwana wa 34E.

Akaja mwingine, bila tabasamu. Ndege imejaa, akasema. Nikamwonyesha tiketi, imelipwa tangu miezi mitatu nyuma. Akasema anaiona. Nikamwambia nimefika mapema. Akasema anajua. Basi? Ndege imejaa.

Hapa nisimame kidogo, maana najua Mjomba ashaanza kusema kwamba wangebanana. Hapana, Mjomba. Sisi wa Likoni ndio wa mwisho duniani kudai chombo kibebe kuliko uwezo wake. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na kuua watu 272, na ilikuwa imebeba kupita kiasi. Kuacha watu nchi kavu si kosa. Kosa ni kuwauzia kiti ambacho hakipo.

Nao wanajua kwamba hakipo. Wanakaa wakapiga hesabu: katika kila safari kuna abiria wasiotokea, huyu kaugua, yule kachelewa, kwa hivyo tiketi huuzwa zaidi ya viti ili kisiruke kiti kitupu. Wakikosa watu, faida. Wakitokea wote, hutafutwa wa kuachwa, na mara nyingi huwa ni yule aliyenunua tiketi ya bei rahisi, yaani mwanao. Makanga wetu akisema amebakisha nafasi moja, ukiingia wakuta mko wawili, wewe na bibi mwenye kuku. Viti anavyo, asema hana. Hawa hawana, wasema wanavyo. Kati ya waongo hao wawili nimemchagua wangu.

Mwaka 1972 kule Marekani shirika la Allegheny lilimwacha hivyohivyo Ralph Nader, mwanasheria aliyekuwa akila na kulala kwa kutetea wanunuzi. Kati ya abiria wote, wakamwacha huyo! Alishtaki, kesi ikafika Mahakama ya Juu mwaka 1976, na miaka miwili baadaye serikali yao ikaamuru kwamba ndege ikijaa, shirika lianze kwa kuuliza nani yuko radhi kubaki kwa malipo. Wakasahau tena Aprili 2017 mjini Chicago, pale daktari David Dao alipoburutwa kutoka kwenye kiti chake katika ndege ya United, damu usoni, dunia nzima ikitazama kwenye simu. Siku chache baadaye shirika jingine, Delta, likawaruhusu wasimamizi wake kumpa abiria anayekubali kubaki hadi dola 9,950. Mama, mimi kwa dola 9,950 ningebaki Changamwe mpaka Idi, tena ningefagia uwanja.

Hakuna aliyeniuliza. Nilipewa karatasi ya chakula ya kutumia kwenye mkahawa, na mkahawa ulikuwa umefungwa. Wenzangu, watalii, wakapelekewa gari la hoteli. Nilipotaka kupanda, mhudumu akatazama kitambulisho changu. "Wewe ni wa Likoni, si una kwenu?" Sikuwa na jibu. Ninako.

Sanduku likarudi. Limeshushwa kwa sababu mzigo wa mtu aliyebaki hauruhusiwi kusafiri peke yake; hiyo ni sheria ya usalama, na naiunga mkono. Ila chupa ya achari ilikuwa imefunguka na ubuyu umelowa, na kona moja ilikuwa ikivuja wekundu. Yule kijana aliyelisukuma alikuwa amelishika kwa vidole viwili.

Nikapiga simu kwenye huduma kwa wateja. Muziki. Sauti ikaniambia simu yangu ni muhimu sana kwao. Muziki. Salio la kwanza likaisha simu yangu ikiwa bado ni muhimu. Nikaweka jingine, akapokea mtu aliye nchi nyingine kabisa, akataka anwani.

"Likoni."

"Taja herufi."

"L."

"L kama nini?"

"L kama Likoni."

"Na Likoni ni kama nini?"

Nilitaka kumwambia Likoni haina mfano, lakini salio likakata.

Ndipo nikashika njia ya kurudi. Mlisema mlinisikia kabla ya kuniona, na ni kweli, gurudumu moja la sanduku lilivunjika pale kwenye mteremko wa feri. Saa sita usiku, feri karibu tupu, bure kwa mwenda kwa miguu, hakuna kundi la kwanza wala kadi ya dhahabu. Nikagonga mlango. Nusu ya mlionililia mchana mlikuwa mmelala, kaka mdogo ameshahamia kitandani kwangu, na pilau ya kuniaga imebaki ukoko. Shangazi akafungua, akanitazama toka kichwani hadi kwenye sanduku, akasema, "Kumbe Ulaya ni karibu hivi!"

Asubuhi yake mtaa mzima ushajua nimerudishwa.

Ijumaa nikaondoka tena. Sitaki kulaumu, lakini nitaje tu kwa ajili ya kumbukumbu: safari hii hapakuwa na matatu ya kukodi. Mjomba alituma salamu. Mama alinifikisha mlango wa uwani akiwa na unga mkononi. Aliyelia ni mtoto wa jirani peke yake, naye alilia kwa sababu ya peremende niliyosahau kumpa. Pasi yangu siku hiyo ilikuwa na nambari ya kiti, nikaibusu mbele za watu.

Nikiwa langoni nikisubiri kundi la tano, nikasoma kwenye simu kwamba mtaalamu mmoja wa Marekani, Jason Steffen, ambaye kazi yake hasa ni nyota na sayari, alikerwa na foleni za ndege akazipigia hesabu, akazichapisha mwaka 2008. Akakuta kwamba kuingiza abiria kwa mafungu kuanzia viti vya nyuma ni kupoteza wakati. Ana mpango wake wa kuanza na wa madirishani kwa kuruka safu, lakini hata kuwaacha watu waingie ovyo, bila mpango wowote, ni haraka kuliko mafungu yale. Someni tena hapo. Elimu ya nyota imethibitisha feri ya Likoni: lango likifunguliwa, kila mtu na miguu yake.

Nilifika. Jirani yangu hapa ni mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Kampala, mmoja wa wale Idi Amin aliowapa siku 90 wahame Uganda mwaka 1972. Manispaa ya Leicester ilitia tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaomba wasije huku, wakaja. Nikamsimulia masaibu yangu kwa Kiswahili, maana anakiongea, akasikiliza mpaka mwisho. "Nimepanda ndege miaka hamsini," akasema. "Iliyonibeba bila kunizungusha ni ile ya kufukuzwa."

Yeye ndiye aliyeniambia nidai. Ipo sheria ya Ulaya inayotumika tangu Februari 2005, na Waingereza walipojitoa wakabaki na nakala yao: abiria akiachwa kwa sababu ndege imeuzwa kupita kiasi, na safari yapita kilomita 3,500, anaweza kudai pauni 520. Nilipiga mahesabu ya bati jipya la nyumba kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Mwisho wa ukurasa ukasema: anayeondoka Uingereza analindwa kwa ndege ya shirika lolote, anayekuja Uingereza kutoka nje analindwa ikiwa ndege ni ya Waingereza au ya Ulaya. Yangu si ya hawa wala ya wale. Maana yake nikiachwa Birmingham nina thamani ya pauni 520, na nikiachwa Changamwe nina thamani ya karatasi ya chakula ya mkahawa uliofungwa. Mtu ni yuleyule, tiketi ni ya shirika lilelile, ubuyu ni uleule. Nimeandika kudai hata hivyo. Wamejibu kwamba barua yangu ni muhimu sana kwao.

Limebaki sanduku. Mimi nilifika Jumamosi, lenyewe halikufika. Nilijaza fomu, nikaeleza rangi, gurudumu lililovunjika, na wekundu pembeni ambao si damu. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya nayo imo, unasema mzigo ukipita siku 21 bila kuonekana, mwenyewe ana haki ya kudai kama uliopotea. Leo ni siku ya 19.

Kama limerudi Likoni peke yake, lipokeeni. Na Shangazi asiifungue ile achari.

Ni mimi mwanenu,
Leicester.