Wakili wa Mgombani

Jirani yangu hapa Tukuyu anasomea sheria Chuo Kikuu Huria, kwa simu, mgombani. Mtandao unashika pale juu ya kichuguu tu, kwa hiyo darasa lake lina kigoda kimoja na mvua, na mvua ya Rungwe haijui likizo. Juzi alikuwa anasikiliza mhadhara wa sheria ya ardhi huku ng'ombe wake akimaliza mahindi ya watu. Shauri likaamuliwa na mwenyekiti wa kitongoji, bila kifungu hata kimoja: mikungu miwili ya ndizi.

Mwenzake aliyesomea darasani Dar es Salaam, ambaye hufunga tai hata akienda kununua viazi, anamcheka. "Sheria ya simu hiyo! Bando likikata, na haki imekata."

Jirani hujibu "Ndaga", asante ya Kinyakyusa, basi. Maana wa kichuguu na wa kiyoyozi, wakitaka uwakili, wote wanakwenda kubanana mlango mmoja, Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, kule kule Dar es Salaam. Mwaka 2022 zilitangazwa habari za mlango huo: watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja 26. Serikali ikaunda kamati ya kuchunguza, na mwenyekiti wake akawa mtu wa jirani zetu Kyela, Dk. Harrison Mwakyembe. Sasa wale 607 waliobaki, wote walisomea mgombani?

Jirani yangu hana haraka. Bando la usiku ni nafuu, anasema, ila tochi ndiyo inamsumbua.